Nani Alifanya Nini? Haki ya Jina katika Timu za Wanafunzi wa Baiolojia Sanisi

Mwaka 1963, katika Shule ya Sekondari Magamba kule Lushoto, mwanafunzi wa kidato cha tatu aliingiza maziwa ya moto kwenye friza bila kuyasubiri yapoe. Wanafunzi walikuwa wakitengeneza aiskrimu, na nafasi ndani ya friza ilikuwa ya kugombania. Baada ya saa moja na nusu maziwa yake yalikuwa yameganda, ilhali ya mwenzake, yaliyoingia bila kuchemshwa, yalikuwa bado uji mzito. Erasto Mpemba alimuuliza mwalimu sababu, akaambiwa amejichanganya. Wenzake wakamcheka. Baadaye, akiwa Mkwawa, Iringa, alimuuliza swali lilelile mgeni aliyekuja kuzungumza na wanafunzi: Dk. Denis Osborne, mhadhiri wa fizikia kutoka Dar es Salaam. Osborne alilichukua swali hilo hadi chuoni kwake, akamwagiza fundi kijana wa maabara alifanyie jaribio. Mwaka 1969 jarida la Physics Education lilichapisha makala yao. Jina la Mpemba lilitangulia, la Osborne likafuata, na kila mmoja akasimulia sehemu yake mwenyewe.

Mhadhiri angeweza kumshukuru Mpemba kwa sentensi moja chini ya ukurasa, na wakati ule ni wachache ambao wangemlaumu. Alichagua kumpa haki yake. Hata hivyo, ukiisoma makala ile kwa makini utakuta watu watatu ndani yake: aliyeuliza, aliyewezesha na aliyetenda. Wawili wana majina. Wa tatu, yule fundi, ametajwa kwa kazi yake tu.

Watu hao watatu wamo katika kila timu ya wanafunzi inayofanya sayansi pamoja. Katika fani changa ya baiolojia sanisi, ambako vijana kumi na zaidi hushika mradi mmoja kwa karibu mwaka mzima, swali la nani atajwe na kwa lipi limekuwa sehemu ya kazi yenyewe. Makala haya yanalichambua swali hilo kwa upana wake, kwa sababu majibu yaliyokwisha kupatikana huko yanaweza kuzifaa maabara na madarasa yetu.

Mashindano yaliyolifanya swali kuwa sharti

Baiolojia sanisi ni fani ya kubuni vipande vya DNA na kuviunganisha ndani ya seli ili seli ifanye kazi ambayo haikuzaliwa nayo: bakteria itoe rangi inapokutana na sumu kwenye maji, au hamira itengeneze malighafi ya dawa ya malaria. Ukumbi mkubwa wa wanafunzi wa fani hii ni mashindano ya iGEM. Yalianza Januari 2003 kama kozi fupi katika chuo cha MIT, Marekani. Mwaka 2004 zilishindana timu 5, mwaka 2006 zikawa 32, na mwaka 2010 zikafika 130. Mwaka 2012 mashindano yalijitenga na MIT yakawa taasisi inayojitegemea. Tangu 2022 mkutano wake mkuu umekuwa ukifanyika Paris, na timu zinazoshiriki kwa mwaka zimepita 300.

Ukifuata mwaka mmoja wa timu ya namna hiyo utaona kwa nini hesabu ya sifa ni ngumu. Mmoja analeta wazo. Wawili wanasoma machapisho mpaka usiku kujua kama wazo lilikwisha kufanywa na wengine. Mwingine anachora ramani ya plasmidi, yaani duara la DNA litakaloingizwa kwenye seli, na kuagiza DNA. Wanne wanashinda maabara na pipeti mkononi. Mmoja anaandika hesabu za kutabiri seli itafanya nini, na mwingine anatengeneza kifaa cha kupimia. Yupo anayezungumza na wakulima au wagonjwa ambao mradi unadai kuwasaidia, yupo anayejenga tovuti, na yupo anayebisha hodi kwa wafadhili, maana ada ya timu peke yake ni maelfu ya dola. Juu yao wapo walezi: maprofesa, wanafunzi wa uzamili, na washiriki wa miaka iliyopita.

Waandaaji waliona tatizo na wakaligeuza kuwa sharti. Ili kupata hata medali ya shaba, timu lazima ieleze kazi ipi ilifanywa na wanafunzi wenyewe na ipi ilitoka kwa walezi, maabara mwenyeji, kampuni au wafadhili. Tangu 2023 maelezo hayo hujazwa kwenye fomu ya muundo mmoja kwa timu zote. Ni hatua kubwa. Lakini sharti hilo linalinda zaidi mpaka wa nje, yaani mwanafunzi asivae kanzu ya profesa. Mpaka wa ndani, kati ya mwanafunzi na mwanafunzi, unabaki mikononi mwa timu, na huko ndiko urafiki unakovunjikia.

Hoja ya jina moja

Wapo wanaosema timu itajwe kama timu, basi. Hoja yao ina uzito. Mwaka 2009 tuzo kuu ya iGEM ilikwenda kwa timu ya Chuo Kikuu cha Cambridge, ambayo wanafunzi wake saba wa shahada ya kwanza walitumia likizo yao kuifanya bakteria ya E. koli itoe rangi mbalimbali zinazoonekana kwa macho. Waliwazia pia matumizi ya rangi hizo wakishirikiana na wasanifu wawili, Alexandra Daisy Ginsberg na James King. Nani anaweza kukata kazi kama hiyo mafungu? Bila jeni hakuna rangi, na bila wazo la matumizi rangi zingebaki madoa kwenye sahani. Kidole kimoja hakivunji chawa, na anayejaribu kusema ni kidole kipi kilichovunja anaweza kuishia kuukata mkono.

Hata hivyo, timu hufa na wanachama wake huendelea kuishi. Mkutano ukiisha, kila mmoja anaomba kazi au ufadhili wa masomo kwa jina lake, na hakuna chuo kinachodahili timu. Jina la pamoja likiwa ndilo pekee lililoandikwa, aliyelala maabara na aliyeonekana siku ya picha wanatoka na cheti kimoja.

Tena jina la pamoja linalegeza mikono. Mfaransa Max Ringelmann aliwapima watu wakivuta kamba, na katika matokeo aliyoyachapisha 1913 alionyesha kwamba kadiri wavutaji walivyoongezeka, ndivyo nguvu ya kila mmoja ilivyopungua. Mwaka 1981 wanasaikolojia Kipling Williams, Stephen Harkins na Bibb Latané walifanya majaribio ya kupiga kelele kwa vikundi, wakakuta kwamba mtu akiamini sauti yake inaweza kutambulika, ulegevu ule huondoka. Kila mwalimu aliyewahi kutoa kazi ya kikundi anayajua haya kwa uzoefu. Kundi la watano, kazi ya wawili, alama sawa kwa wote.

Kwa nini kukumbuka hakutoshi

Timu nyingi zikikubali kumtaja kila mtu, hufanya hivyo wiki ya mwisho. Wanakaa mezani, wamechoka, tovuti inakaribia kufungwa, na kila mmoja anaeleza alichofanya. Hapo ndipo ugomvi huanza, na mara nyingi hakuna anayesema uongo.

Mwaka 1979 watafiti Michael Ross na Fiore Sicoly waliwauliza wanandoa, kila mmoja peke yake, kila mtu huchangia kiasi gani katika kazi za nyumbani kama kuandaa kifungua kinywa. Walipojumlisha majibu ya mume na mke, mara nyingi jumla ilizidi kazi yote iliyokuwapo. Maelezo yao ni rahisi kuyaelewa. Mtu hukumbuka kwa urahisi zaidi kile alichokifanya kwa mikono yake. Saa tatu alizosimama mbele ya mashine ya PCR, ya kunakili DNA, anazo kichwani, lakini saa tatu za mwenzake akipigia simu wafadhili hakuziona. Ikiwa wawili chini ya paa moja wanakosea, je, watu kumi na wawili waliogawanyika kati ya maabara, kompyuta na barabarani?

Kwa hiyo kugawana asilimia mwishoni mwa mradi ni njia mbaya. Inawapima watu kwa kumbukumbu zao, na inampa ushindi mwenye kujieleza vizuri.

Kutoka wanne hadi mmoja

Madhara ya kuacha jambo hili mpaka mwisho yanaonekana wazi katika historia ya streptomaisini, dawa ya kwanza ya antibaiotiki iliyotibu kifua kikuu. Mwaka 1943 Albert Schatz, mwanafunzi wa uzamivu katika chuo cha Rutgers, Marekani, akifanya kazi katika chumba cha chini ya jengo, alipata aina mbili za bakteria ya udongo inayotoa dawa hiyo. Aina moja ilitoka kwenye udongo wa shamba lenye samadi. Ya pili ilitoka kwenye sahani ya sampuli za koo la kuku aliyopewa na mwanafunzi mwenzake, Doris Jones. Makala ya kutangaza ugunduzi, iliyotoka 1944, ilikuwa na majina matatu: Schatz, Elizabeth Bugie na msimamizi wao, Selman Waksman. Ilipofika hataza majina yalikuwa mawili, Bugie hayumo. Schatz alifungua kesi mwaka 1950 akidai haki yake, na katika maridhiano ya mwaka huohuo akatambuliwa rasmi kuwa mgunduzi mwenza na kupewa sehemu ya mapato. Mwaka 1952 Tuzo ya Nobel ilitolewa kwa jina moja: Waksman.

Wanne, watatu, wawili, mmoja. Kazi ni ileile. Kila ngazi ya heshima ilipopanda, jina lilipungua, na la msimamizi peke yake ndilo lililofika juu. Waksman hakuwa mtu wa kupita njia. Miaka yake mingi ya utafiti wa vijidudu vya udongo ndiyo iliyoiwezesha kazi hiyo. Lakini aliyewezesha hakuwa aliyetenda, na palipokosekana maelezo ya nani alifanya nini, cheo kilijaza pengo.

Orodha ya majukumu

Majarida ya sayansi yamejaribu njia mbili za kuzuia hali hiyo. Ya kwanza ni kuweka kizingiti. Kamati ya wahariri wa majarida ya tiba, iliyotokana na mkutano wa Vancouver wa 1978, inamtaka mwandishi atimize masharti manne: awe na mchango mkubwa katika kazi, ashiriki kuiandika au kuihakiki, aidhinishe toleo la mwisho, na akubali kuwajibika kwa yaliyomo. Kutafuta fedha peke yake hakumfanyi mtu mwandishi.

Njia ya pili ni orodha ya CRediT, iliyokuzwa kuanzia 2012 na kuwa kiwango rasmi nchini Marekani mwaka 2022. Ina majukumu 14, kama vile kubuni wazo, kupanga mbinu, kuandika programu, kufanya majaribio, kutunza data, kuandika rasimu, kusimamia na kutafuta fedha. Mtu mmoja anaweza kuwa na majukumu kadhaa, na jukumu moja linaweza kuwa la watu kadhaa. Uzuri wake ni kwamba inaacha kuuliza nani mkubwa, inauliza nani alifanya nini. Maswali hayo mawili yanafanana kwa mbali tu. La kwanza linazaa foleni, na katika foleni lazima mtu awe wa mwisho. La pili linazaa maelezo.

Kwa timu ya wanafunzi, kizingiti cha wahariri kinabana mno. Mtunza fedha aliyeandika barua thelathini mpaka DNA ikanunuliwa hatatimiza masharti manne, ilhali bila yeye wenzake wangekaa wanatazama mirija mitupu. Orodha ya CRediT inafaa zaidi, lakini nayo ilishonwa kwa mwili wa makala ya jarida. Haina nafasi ya kazi tatu ambazo timu ya wanafunzi haiwezi kuishi bila hizo. Ya kwanza ni kuwafundisha wageni: mwanafunzi wa mwaka wa tatu anayemkalisha wa mwaka wa kwanza na kumwonyesha jinsi ya kushika pipeti hupoteza saa zake za majaribio ili mwenzake apate zake. Ya pili ni kuzungumza na jamii. Ya tatu ni utumishi wa kila siku, yaani kupika vyakula vya bakteria, kuosha vyombo na kufunga maabara usiku. Timu inayoikopa orodha ile iongeze kazi hizo kwa majina yake, isizifiche chini ya neno msaada.

Aliyeshindwa naye alifanya kazi

Kuna mtu mmoja ambaye orodha nyingi humsahau. Tuseme timu imeamua mwezi Mei kujaribu njia mbili za kuunganisha jeni. Msichana mmoja anapewa njia ya kwanza, mvulana mmoja ya pili. Ya kwanza inakataa. Miezi mitatu msichana anabadilisha joto, anabadilisha vimeng'enya, anaanza upya, na kila asubuhi sahani ni tupu. Ya pili inakubali mwezi Julai. Katika uwasilishaji, picha zote ni za njia ya pili.

Nani aliwaambia kwamba njia ya kwanza haifai? Ni yule msichana, kwa miezi mitatu ya maisha yake. Sayansi inahitaji kujua njia zilizofungwa sawa na zile zilizo wazi, ili timu ya mwaka ujao isiangukie shimo lilelile. Mpangilio wa sifa unaofuata matokeo peke yake unawaadhibu waliopewa sehemu ngumu, na unawafundisha wanafunzi kukimbilia kazi nyepesi. Ndiyo maana sifa ifuate kazi iliyokubaliwa na kutendwa kwa uangalifu, na daftari la maabara liwe shahidi wake.

Daftari hilo, lenye tarehe na saini, ni chombo cha kale kuliko fomu zote na bado hakijapata mpinzani. Siku hizi lina ndugu wa kidijitali. Tangu 2022 tovuti za timu za iGEM hutengenezwa kwenye mfumo wa GitLab, unaohifadhi kila badiliko pamoja na jina la aliyeliingiza. Ushahidi huo ni wa thamani, lakini usiabudiwe. Wanafunzi wawili wakikaa mbele ya kompyuta moja, mfumo unamwona mwenye akaunti. Aliyesahihisha fikra ya mradi kwa sentensi moja kikaoni haachi alama yoyote, na aliyerekebisha nukta na mkato mara mia anaonekana jabari. Mashine inahesabu miguso. Uzito wa mguso lazima upimwe na watu.

Mizani ya madaraka

Jambo zito kuliko yote ni kwamba wanafunzi hawako sawa na walezi wao. Profesa ndiye mwenye maabara na ndiye atakayeandika barua ya mapendekezo. Kijana akiona jina la mkuu wa idara limewekwa mahali ambapo hakufanya kitu, atanyamaza. Akiona lake limeachwa, atanyamaza pia. Katika jamii zetu, ambako heshima kwa mkubwa ni malezi mema, ukimya huo ni mzito zaidi.

Heshima hiyo si adui wa haki. Mlezi anastahili kutajwa, tena kwa fahari: alitoa nafasi, alizuia ajali, alijua lini aseme na lini anyamaze. Kumtaja kwa kazi hiyo ni kumheshimu kuliko kumvisha kazi ya mtoto. Osborne hakupungukiwa chochote kwa jina la Mpemba kutangulia, na leo jina lake linatajwa kwa wema kwa sababu hiyohiyo.

Ipo pia sababu ya usalama. Wanaobadili viumbe hai hawawezi kuwa na kazi isiyo na mwenyewe. Picha ya matokeo ikitiliwa shaka, au bakteria ikikutwa mahali isipopaswa kuwa, lazima ajulikane wa kuulizwa. Anayetaka jina lake liwe kwenye jaribio akubali pia swali limfuate.

Nini kifanyike

Siku ya kwanza, kabla mtu hajagusa pipeti, timu iandike ukurasa mmoja: majukumu tunayoyatambua ni haya, jina la mtu litaingia kwa vigezo hivi, na mgogoro utapelekwa kwa mtu huyu asiye mlezi wetu. Kila Ijumaa, dakika kumi zitumike kujaza jedwali la nani alifanya nini wiki hiyo, mbele ya wote, pamoja na yaliyoshindikana. Kumbukumbu ya siku saba bado ni mbichi. Mwenye haya atasemewa na mwenzake, na mwenye maneno mengi atakuwa na mashahidi. Mwishoni, kila mwanachama asome maelezo kuhusu yeye na kuyakubali kabla hayajatoka. Asilimia ziachwe. Maelezo ya maneno matatu au manne kuhusu kazi ya mtu yatamfaa mwajiri kuliko tarakimu isiyo na msingi.

Hakuna katika haya kinachohitaji dola. Vyuo vyetu vinavyotoa miradi ya vikundi vinaweza kuanza muhula ujao kwa kutaka ukurasa mmoja wa michango nyuma ya kila ripoti, na kuupa alama. Walimu wanaowaandaa vijana kwa maonyesho kama Young Scientists Tanzania, yaliyoanzishwa 2011, wanaweza kuwazoesha mapema kusema mbele ya waamuzi: hili nililifanya mimi, hili alilifanya mwenzangu, hili tulisaidiwa na mwalimu. Mtoto anayeweza kutamka sentensi ya pili na ya tatu bila kuona aibu ameshajifunza sehemu kubwa ya uadilifu wa sayansi.

Wahenga walisema mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Katika maabara mnyonge si lazima awe mgeni au mdogo kwa umri. Ni yeyote ambaye mikono yake imo ndani ya matokeo na jina lake halimo. Makala ya 1969 bado inasomwa, na jambo lile linaitwa kwa jina la Mpemba duniani kote. Fundi kijana wa Dar es Salaam aliyelifanya jaribio lile la chuoni hana jina humo mpaka leo. Kama una daftari la timu mezani, lifungue sasa, umwandike wa kwako.